Fito Thelathini Juu ya Uwanja

Nyumba yangu niliijenga juu ya jiwe kwa sababu jiwe halikuwa na mwenyewe. Tambarare yote ya upande wetu wa Ilemela ilishakwisha. Waliotangulia walichukua, wenye ng'ombe waliuza ng'ombe wakachukua, na wafanyabiashara waliokuja na soko huria wakachukua kilichobaki. Mlimani hakuna aliyetaka. Maji hayapandi, gari halipandi, na ukianguka unaanguka kweli. Mimi nikapanda.

Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu. Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa mapanki. Kwa asiyejua, miaka ile ya tisini viwanda vya minofu vilisimama kando ya ziwa, sangara anaingia mzima, nyama inatolewa, inagandishwa, inapanda ndege kwenda kuliwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia, na hicho ndicho panki. Sisi tulikaanga, tukauza, na watu walikula wakalamba vidole. Sioni haya kusema. Mapanki yamesomesha watoto wangu wote watatu, na nyumba yangu kila tofali lilinuka samaki.

Zamani bati lilikuwa la kibali. Unaandika barua, unasubiri, unampigia mtu magoti, unapewa mabati kumi wakati unahitaji thelathini, na hayo kumi yana kutu. Halafu ghafla mambo yakafunguliwa. Ukipita mjini unakuta mabati yamepangwa mpaka nje ya duka, muuzaji anakuita mwenyewe, "Mama karibu, mama ungependa geji gani na urefu gani?" Kuitwa na muuzaji wa bati! Nililewa. Nikanunua mengi kuliko nyumba ilivyohitaji, nikamwambia fundi anipandishie paa refu, lichongoke kama la kanisa.

Fundi alikuwa mtu wa kwetu, Msukuma, mpole, kazi yake safi, kofia yake imechakaa mpaka huijui rangi. Akaniambia, "Mayu, paa refu la nini? Mvua itateremka hata kwenye paa la kawaida." Mayu ni mama kwa lugha ya kwetu.

Nikamwambia, "Nataka mtu akiwa kwenye meli kule ziwani aulize, nyumba ile ni ya nani?"

"Atauliza, mayu. Nani atamjibu humo melini?"

"Wewe pandisha kenchi."

Akapandisha.

Sasa lazima nieleze nyumba ilivyokaa, maana ugomvi wote ulitokana na hapo. Sisi watu wa mawe hatuchongi mlima. Tunaufuata. Mbele, kule kunakoangalia ziwa, jiwe linateremka, kwa hiyo msingi wangu ulipanda kimo cha watu wawili ndipo sakafu ikaanza. Nyuma, jiwe linapanda, kwa hiyo ukuta ni mfupi, na bati la nyuma lilikaribia kugusa mlima. Ukija kwa mbele utasema mama huyu amejenga ngome. Ukija kwa nyuma utasema amejenga banda la kuku. Mbuzi wangu walikuwa wanaruka kutoka jiweni moja kwa moja mpaka juu ya bati, wanaota jua huko, nami natupa mawe na kutukana.

Chini yangu, bondeni kabisa, jirani yangu mmoja mfanyabiashara wa mitumba, mtu wa kutoka pwani ya Mara, alijenga ghorofa. Ghorofa moja tu, lakini ghorofa. Lina ngazi, lina ubaraza, lina nguzo mbili nene ambazo hazishiki kitu chochote. Kila asubuhi nilipoteremka na beseni langu alikuwa amesimama kwenye ubaraza na kikombe cha chai.

"Jirani, unateremka kutoka mbinguni?"

"Nateremka kuja kukuona wewe uliye shimoni."

Utani wetu ulikuwa wa namna hiyo. Hatukukosana, lakini hakuna aliyekubali kushindwa.

Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta kijana amekaa kwenye jiwe la mbele ya mlango wangu, amevua kiatu anakung'uta changarawe. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Pembeni yake kopo la rangi nyekundu. Na kwenye ukuta wangu, X, bado mbichi, inachuruzika.

Alisimama mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniandikia nini hapo?"

"Mama, mimi natoka kwenye mambo ya usalama wa ndege. Tunapita kwenye milima yote inayozunguka uwanja. Nyumba yako imezidi kimo."

"Kimo cha nani?"

"Kimo kinachoruhusiwa. Karibu na uwanja jengo lisizidi mita arobaini na tano."

Nilicheka mpaka nikaweka beseni chini. Nikamshika mkono, kiatu chake kimoja mkononi, nikamzungusha nyuma ya nyumba. Mbuzi wawili walikuwa juu ya bati, wanacheua.

"Mwanangu, umesoma. Hebu niambie, mbuzi huyu ameruka mita arobaini na tano?"

Akatabasamu kidogo, nikajua ana mama kwao. "Mama, hazipimwi kutoka hapa nyuma. Wala kutoka mbele. Zinapimwa kutoka kwenye usawa wa uwanja."

"Mimi sikujenga uwanjani."

"Lakini ndege inatokea uwanjani."

"Na yule mtu wa mitumba? Yule ana ghorofa! Umempiga X?"

"Yule yuko bondeni, mama. Hata akiongeza ghorofa nyingine tano hafiki kwenye sakafu yako."

"Kwa hiyo mwenye ghorofa ni mfupi, mwenye kibanda ndiye mrefu."

"Ndiyo, mama."

"Na jiwe hili hapa nyuma yangu? Limepita nyumba yangu kwa mbali. Mbona hulipigi X? Nikuletee ngazi?"

Hapo nilidhani nimempata. Lakini alijibu upesi, bila kiburi. "Jiwe liko kwenye ramani, mama. Kila rubani anayekuja Mwanza analijua, limekuwepo kabla ya uwanja, na juu kule tumeweka taa nyekundu. Nyumba yako haiko kwenye ramani. Rubani anayeshuka kwenye mvua na wingu hajui kama umeongeza paa mwezi uliopita."

Nilikasirika, nikamwambia avae kiatu chake aende.

Aliniachia barua. Binti yangu mkubwa alinisomea, kisha nikamwambia asome tena polepole. Ilisema nipunguze jengo mpaka liwe chini ya mstari katika muda wa siku thelathini, la sivyo litavunjwa. Mstari wenyewe unapita wapi kwenye nyumba yangu haikusema. Kesho yake nilifunga kitenge changu kizuri nikamfuata kijana ofisini kwake. Akasema mpimaji wao, mtu mzima mwenye chombo cha miguu mitatu, yuko safarini, atarudi mwisho wa mwezi ndiye atakayesema kwa hakika. Yeye amekadiria kwa ramani tu. Anachojua ni kwamba imezidi. Imezidi kiasi gani, hajui.

Hebu fikiria. Kama mstari unapita juu ya lenta, ile mikanda ya zege inayofunga kuta, basi naondoa paa, nabaki na nyumba. Kama unapita chini ya lenta, nakata kuta. Na kama unapita kwenye madirisha, nimebaki na zizi. Miaka sita ya mapanki, na sijui kama nina nyumba au nina zizi. Usingizi ulinihama, na chakula nacho nikawa nakila bila kuonja.

Jirani yangu alisikia, maana X nyekundu juu ya mlima inaonekana mpaka sokoni Mkuyuni, nadhani. Asubuhi akanipokea kwa kikombe chake cha chai.

"Jirani, wamesema umemzuia Mungu asipite?"

"Wewe cheka. Ghorofa lako limeitwa fupi na serikali."

"Fupi lakini halina X. Mimi naona watakata kwenye madirisha. Paa lile nililiona nikiwa Ukerewe."

Nilifurahi kidogo kusikia limeonekana Ukerewe, halafu nikakumbuka.

Fundi ndiye aliyenifumbua macho. Nilimwita aone, akalizunguka jengo, kofia mkononi. Nikampigia kelele, kwamba nyumba hupimwa kutoka kwenye mlango wake, ndivyo watu wote wapimavyo, wewe mwenyewe ulipima hivyo. Akaniacha nimalize. Kisha akaonyesha ziwani.

"Mayu, chukulia ziwa limejaa. Si kujaa kwa masika, kujaa kwa gharika. Maji yanafunika uwanja wa ndege, yanaendelea kupanda, mita arobaini na tano juu ya uwanja, halafu yanatulia. Maji hayajali mlima wala bonde, yanalala sawa. Ghorofa la yule bwana limezama lote na nguzo zake. Mawe makubwa yamebaki visiwa. Sasa swali ni moja tu. Nyumba yako, maji yamefika wapi? Kitakachochungulia juu ya maji, kama masikio ya kiboko, ndicho wanachokikataa."

Hapo nilielewa. Kijana alikuwa ameniambia maneno mengi ya kweli na sikushika hata moja, lakini ziwa nalijua. Nimeliona likipanda na kushuka tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Kwenye kilindi jiwe refu linazama lote, na pwani kijiwe kidogo kinabaki kikavu, kwa maji yaleyale.

Niseme jambo hapa kabla sijaendelea. Nina mjukuu wa kike anayerusha droni, kale kadude kenye mapanga manne kanakopiga picha za ardhi kutoka juu. Ana cheti, ana kibali, kazi anaitiwa mpaka Geita, na simfichi mtu kwamba ni mjukuu wangu. Si zamani sana alikuja na kadude kake, akakasimamisha juu ya jiwe letu akakarusha kuelekea bondeni. Macho yake yako kwenye kioo anachoshika mkononi. "Bibi, mita mia," anasema, "bado niko ndani ya kiwango." Nikamuuliza, mia kutoka wapi? Akasema kutoka hapa tuliposimama, maana kadude kanajihesabia sifuri pale kanapoinukia. Nikamwambia, sasa kako juu ya bonde, ardhi imeshateremka chini yake, ongeza bonde hilo. Akakateremsha. Kisha akaniambia kwamba kwa kweli sheria yao inahesabu kutoka ardhi iliyo chini ya droni, si pale ulipoirushia, na kwamba ukifanya kinyume, ukarushia ufukweni kuja mlimani, kioo kitakwambia uko juu salama wakati unakaribia kukwangua mawe. Kwa hiyo kiwango chake yeye ni kama shuka lililotandikwa juu ya mlima, linapanda nao na kushuka nao. Cha uwanja wa ndege ni kama maji ya ziwa, kimelala. Na karibu na uwanja vyote viwili vinakuhusu, tena lazima uombe ruhusa kwanza. Yeye alijifunza darasani na akasahau. Mimi nilijifunza kwa kutishiwa kuvunjiwa nyumba, sisahau.

Basi. Fundi alisema tusingoje mpimaji, tutapima wenyewe, kwa mpira wa maji. Mafundi wote wanao, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaujaza maji bila kuacha mapovu, mmoja anashika mwisho huu, mwingine anashika mwisho ule, hata kama kati yenu kuna jiwe na kichaka maji yatasimama sawa pande zote mbili. Ndivyo wanavyosawazisha msingi. Mpira wake ulikuwa wa nyumba moja. Sisi tulitaka kuupima mlima.

Alikata ufito wa mita moja na nusu. "Fito thelathini mara moja na nusu ni arobaini na tano," akasema. "Tukipanda fito thelathini kutoka usawa wa uwanja, tumefika kwenye mstari." Nikachukua maharage thelathini, nikayafunga kwenye pindo moja la kitenge changu, pindo lingine nikaliacha tupu. Kila ufito tukipanda, harage moja linahama.

Jirani alipotuona tunateremka na mpira akauliza tunaenda kumwagilia nini. Nilipomweleza akaweka kikombe chini. "Nakuja. Lazima awepo shahidi. Ninyi wawili mtakula maharage njiani."

"Njoo, ubebe ndoo ya maji."

Akabeba. Mtu wa ghorofa, na viatu vyake vya ngozi.

Kijana wa ofisini alikuwa amenionyesha nguzo fupi ya zege kando ya barabara, nje ya uzio, yenye kichwa cha chuma, akasema kichwa kile ndicho usawa wa uwanja. Tukaanzia hapo. Askari wa uzio akaja na rungu.

"Ninyi wazee, mnafanya nini hapa?"

"Tunatafuta ziwa lilipofika," nikamwambia.

Akatutazama, akatazama mpira, akatazama jirani yangu na ndoo. Fundi akamweleza vizuri. Akasema tusiguse uzio, akakaa kwenye kivuli akitutazama kama sinema.

Kwenye tambarare tulihamisha maji tu. Fundi anatangulia, mimi nabaki nyuma, maji yakitulia ananiita, anaweka alama ya mkaa, tunahama. Ukihama lazima uzibe mwisho wa mpira kwa kidole gumba, ukisahau maji yanamwagika na unaanza upya hatua ile. Nilisahau mara tatu. Ardhi ilipanda kidogo kidogo, harage la kwanza likahama, la pili, la tatu. Kisha tukafika kwenye kijito kilicho kabla ya mlima, ardhi ikateremka. Tuliposhuka mpaka chini fundi akasema, "Rudisha mawili."

"Nirudishe kwa nini? Nimeyatolea jasho."

"Tumeshuka, mayu. Ziwa halihesabu jasho."

Jirani akachekelea. "Rudisha, rudisha! Ndiyo maana nilikuja."

Nikarudisha. Kwa kweli ningekuwa peke yangu nisingerudisha, na mstari wangu ungeshuka chini kwa fito mbili, nijipunje mwenyewe nyumba nzima.

Siku ya kwanza tuliishia hapo kwenye kijito, tukaweka alama kwenye jiwe. Siku ya pili tukaanza mlima, na mlima ulikwenda haraka, maana kila hatua chache ni ufito mzima. Saba, nane, tisa. Tulilipita ghorofa la jirani. Alisimama akautazama ubaraza wake ukiwa usawa wa magoti yake, kisha usawa wa kiatu, na harage bado ni la kumi na nne.

"Kumbe mimi mfupi hivi," akasema.

"Serikali ilishakwambia."

Ishirini. Ishirini na moja. Watu wa mlimani walitoka majumbani, wanauliza kuna nini, wengine wanatufuata. Ishirini na tano ikafika chini ya msingi wangu. Msingi wa mbele peke yake ni fito mbili na kitu. Fundi akapanda ngazi akiwa na mwisho wa mpira, mimi chini na mwisho mwingine, jirani anashika maharage maana mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye mpira. Ishirini na saba, sakafu. Ishirini na nane, katikati ya dirisha.

"Nilikwambia madirisha," jirani akaanza, halafu akaona uso wangu akarudi kuyahesabu maharage.

Ishirini na tisa ilikuwa chini ya lenta kidogo, mkono mmoja hivi. Lilibaki harage moja. Nilikuwa nimeingia kwenye safari ile nikiwa na hakika kwamba thelathini itapita angani juu ya kofia ya paa langu, na nitakwenda ofisini kumtupia yule kijana maharage mezani. Sasa nilikuwa namwomba Mungu wa kanisani, na wazee wa ukoo wangu pia, nisidanganye, kwamba harage moja tu lipite lenta.

Fundi alisubiri maji yatulie. Hakuwa na haraka, sikumwona na haraka siku hata moja. Akaweka mkaa kwenye ubao wa kenchi, ndani ya paa, juu ya lenta kwa mkono na shibiri.

"Kuta zote ziko majini, mayu," akasema kutoka juu. "Na lenta. Kilicho nje ni paa."

"Paa lote?"

"Theluthi mbili zake."

Nilikaa chini palepale kwenye jiwe. Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilimwambia jirani arudishe maharage yangu, yasije yakaenda mfukoni mwake.

Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi. Nalisema wazi kwa sababu kwa wiki kadhaa nilikuwa namtukana. Paa lile sikulihitaji. Nililipandisha kwa sifa, na sifa ndiyo iliyochungulia juu ya maji. Fundi angekataa mara ya pili ningemfukuza, nalo nalisema.

Mpimaji mwenye chombo alirudi mwisho wa mwezi kama walivyoahidi. Mzee mwenye mvi, anapanda mawe kwa kupumzika. Sikumwambia kitu. Alisimamisha miguu yake mitatu, akachungulia, akaandika, akahama, akachungulia tena. Kisha akanyoosha kidole akionyesha kwenye paa langu mahali mstari unapopita. Nikamwambia aingie ndani. Nikamwonyesha alama ya mkaa.

Akatoa futi yake akapima tofauti, kiganja kimoja.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi na fundi na mpira wa maji. Na yule bwana wa ghorofa alibeba ndoo."

"Kutoka nguzo ya uwanja mpaka hapa?"

"Mpaka hapa. Tulipovuka kijito tulirudisha maharage mawili."

Ilibidi nimweleze maharage. Mzee alicheka akakohoa, akakaa kwenye kigoda changu akaomba maji. Halafu akaandika barua palepale juu ya goti, akanisomea mwenyewe: kuta zibaki, lenta ibaki, paa lishushwe chini ya alama, na alama ya kufuatwa ni yake, si yangu, ile iliyo chini kwa kiganja. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nataka kwanza nimwambie mimi kile nilichoelewa, kisha ndipo niweke sahihi. Nikamwambia habari ya ziwa. Akasema katika kazi yake yote hakuwahi kueleza vizuri vile. Kama aliniambia ili kunipendeza, alinipendeza.

Fundi alianza kufumua paa kesho yake. Ilikuwa mwanzo wa vuli na mawingu yalikuwa yanajikusanya kule juu ya visiwa, lakini siku zilikuwa zimebaki chache, hatukuweza kungoja. Siku ya kwanza alishusha bati zote. Siku ya pili akashusha kenchi, akawa anazikata upya ziwe fupi, paa literemkie upande mmoja tu kufuata mlima. Saa nane mchana mvua ikaja kutoka ziwani, ile ya matone makubwa, na nyumba yangu haina kitu juu.

Watoto niliwapeleka kwa majirani. Vyombo nilivirundika pembeni, nikafunika kwa mabati mawili. Mimi mwenyewe nilisimama katikati ya chumba, maji yananiteremka usoni, nikitazama kuta. Nilitaka kuona kama zitasimama bila paa. Zilisimama.

Jirani alipiga kelele kutoka chini, mikono mdomoni. "Jirani! Njoo ukae kwangu ghorofani, juu kuna nafasi!"

"Juu yako iko chini yangu! Nije kufanya nini huko?"

"Utaugua, wee mwanamke!"

Baada ya muda nikasikia mtu anahema mlangoni. Alikuwa yeye, ameloa mpaka kwenye soksi, amebeba turubai la kufunikia marobota ya mitumba. Alimtupia fundi kona moja, nyingine akanipa mimi, mbili akashika yeye, tukalinyoosha juu ya vyombo, juu ya kitanda, tukasimama hivyo, watu wazima watatu, mikono juu.

"Usiinue sana upande wako," fundi akamwambia, "utapita mstari."

Jirani akashusha mkono kweli. Mvua ilinyesha mpaka jioni, na tukashika turubai mpaka jioni, ndani ya kuta zangu.